Mshipa hauzibuliwi, uvimbe ndio unaotibiwa

Makala nzuri kuhusu kuziba kwa vena ya retina, ila upasuaji umepewa nafasi kubwa mno. Kuna wakati madaktari walichanja ukingo wa neva ya jicho, au walitenganisha ateri na vena pale zinapopishana, wakitumaini damu itapita. Faida haikuthibitika, hatari zilikuwa za kweli, na leo njia hizo zimeachwa karibu kabisa.

Kinachookoa uoni sasa ni sindano za ndani ya jicho, zinazokausha maji yaliyovujia katikati ya retina na kuivimbisha. Mshipa wenyewe unabaki na hitilafu yake! Ndiyo maana sindano hurudiwa, mwanzoni mara nyingi kila mwezi, na anayeacha mapema kwa kuwa "naona vizuri sasa" huenda akarudi na uvimbe uleule.

Kuhusu bei ya sindano hizo: bevasizumabu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, ni nafuu kuliko wenzake, na utafiti wa SCORE2 wa Marekani (2017) ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 haikuachwa nyuma na afliberseti, mojawapo ya wenzake hao. Muulizeni daktari wenu waziwazi. Steroidi nazo husaidia, lakini huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Halafu pimeni presha ya damu na sukari. Zikiwa juu, jicho la pili nalo liko hatarini.