Kizuri Hakijiuzi

Msanii mwenye kipaji akikosa soko, hakosi mtu wa kumsomea methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi huitoa kama ushauri, lakini ndani yake mna hukumu nzito. Ikiwa kizuri hujiuza, basi ambacho hakikununuliwa hakikuwa kizuri, na lawama zote ni za aliyekitunga. Katika muziki imani hiyo ni ya uongo. Anayebisha na atazame yaliyoipata Big Star, bendi ya rock kutoka Memphis, Marekani.

Hawakuwa watu wa kubahatisha. Chris Bell, Andy Hummel na Jody Stephens walikuwa vijana waliokulia katika studio ya Ardent, ambako mwenye studio, John Fry, aliwafundisha kuendesha mitambo wenyewe na kuwaachia milango wazi usiku kucha. Mwaka 1971 akajiunga nao Alex Chilton, ambaye jina lake lilikuwa limeshavuma: mwaka 1967, akiwa na miaka 16 tu, aliimba "The Letter" na kundi la Box Tops, na wimbo huo ukakamata nafasi ya kwanza Marekani. Albamu yao ya kwanza, #1 Record, ikatoka 1972. Magazeti ya muziki yakaisifu, Billboard na Rolling Stone yakiwemo.

Kilichokosekana ni santuri zenyewe madukani.

Ardent ilitegemea kusambaziwa kazi zake na Stax, kampuni iliyolijua vizuri soko la muziki wa soul lakini si la vijana wa magitaa. Mwaka huohuo Stax ikaingia mkataba na Columbia ili kampuni hiyo kubwa ishike usambazaji. Mwaka 1973 Columbia ikamfukuza Clive Davis, bosi aliyeufunga mkataba ule, na baada yake uhusiano wa kampuni hizo mbili ukaoza. Msomaji aliyevutiwa na sifa za gazetini alikwenda dukani akarudi mikono mitupu. Nakala zilizouzwa wakati ule hazikufika 10,000. Je, hapo wimbo gani ulishindwa kujiuza?

Bell alikuwa ameimwagia albamu ile ya kwanza roho yake yote. Kushindwa huko kulimvunja moyo, akaondoka kwenye bendi kabla mwaka 1972 haujaisha. Waliobaki walipanda jukwaani Mei 1973, Memphis, mbele ya mkutano wa waandishi wa muziki kutoka pande nyingi za Marekani, na waandishi wale, watu wagumu kuridhika, wakasimama kucheza. Albamu ya pili, Radio City, ikatoka 1974 na kukwama palepale ilipokwama ya kwanza. Ya tatu ilirekodiwa 1974, ikazungushwa kwa kampuni mbalimbali bila kupata wa kuichukua, hadi ilipotolewa 1978. Stax yenyewe ilishafilisika. Desemba 1978 Bell akafa katika ajali ya gari akiwa na miaka 27, baada ya kufanya kazi katika migahawa ya familia yake. Miaka michache baadaye Chilton alikuwa akiosha vyombo New Orleans ili apate riziki.

Watetezi wa methali wana jibu tayari: mbona hatimaye Big Star ilitambuliwa? Ni kweli, mwaka 2003 Rolling Stone iliziweka albamu zote tatu katika orodha yake ya albamu 500 bora. Lakini tazama njia zilizopitia kufika hapo. Peter Buck wa bendi ya R.E.M. aliisifu bendi hiyo kwa waliomsikiliza. Bendi ya The Bangles ilirekodi upya "September Gurls", wimbo wa Big Star, mwaka 1986, na mwaka uliofuata bendi ya The Replacements ikatoa wimbo wenye jina la Alex Chilton. Mwaka 1992 kampuni ya Rykodisc ikaitoa tena albamu ya tatu, pamoja na nyimbo ambazo Bell alizirekodi peke yake. Hao wote ni watu waliozitembeza kazi za wenzao kwa miguu yao. Na Bell hakuona hata chembe ya heshima hiyo.

Zaidi ya hayo, Big Star ilikuwa na bahati ambayo wengi hawana: waandishi waliowasikia mapema, na mikanda iliyotunzwa. Bendi ambayo haikupata mtetezi hata mmoja haiwezi kutajwa hapa, kwa sababu hakuna anayeijua, na ukimya wake ndio unaoifanya methali ionekane kweli. Kwa hiyo mauzo ya msanii yanapokuwa duni, wa kuhojiwa kwanza ni msambazaji: alipeleka nakala ngapi, katika maduka yapi, na nani alisaini mkataba uliomfunga msanii asitafute njia nyingine.