UBAO ULIOPINDA NA MSHAHARA WA FUNDI



Maseremala wa Magongo wanatuletea lalamiko lile lile: ubao umepinda, tajiri amekata mshahara. Twasema wazi, ubao haupindwi na fundi. Mti mbichi ukikauka hunywea, na kufuata miviringo yake hunywea karibu mara mbili ya vile unavyonywea kutoka moyoni kwenda gandani. Ndiyo sababu hubonyea na kusokoteka. Mbao za msonobari zikishushwa zingali na maji, zikarundikwa juani bila vijiti katikati, zitafanya nini?

Tajiri husema, "Pitisha kwenye mashine." Kila fundi ajua kwamba rola za mashine huukandamiza ubao, nao ukitoka hurudia upindo wake, laini tu. Kwanza lazima upande mmoja unyooshwe: fito mbili zilizonyooka huwekwa ncha hii na ile, jicho likapima, kabari zikatiwa chini, pembe zilizoinuka zikapigwa randa. Kazi hiyo yataka muda, na muda huo ulipwe. Na ubao wa inchi 1 uliosokoteka haubaki inchi 1, hata akija fundi wa Lamu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa makusudi. Unyevu si makusudi. Aliyekatwa alete karatasi yake ya mshahara kwa katibu wa tawi, na aandike mbao zililetwa siku gani.