Mwenye kemisti akikuuliza maswali, usinune

Una mathe ambaye mgongo umemsumbua miaka. Panadol ziligonga mwamba, daktari akamwandikia tramadoli. Leo zimeisha. Unaingia kemisti, iwe Lodwar ama Kakuma, mfamasia anakuuliza: Karatasi ya daktari iko wapi? Anameza ngapi kwa siku? Kuna dawa ya usingizi anatumia? Anakunywa chang'aa?

Unaona anakusumbua tu. Zii. Tramadoli ni ya ukoo mmoja na mofini. Mtu akizidisha, au akichanganya na pombe ama dawa za usingizi, pumzi inaweza kupungua polepole hadi ikatike. Nyinyi nyumbani mnadhani amelala, anakoroma tu. Na kutoka Kakuma hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar ni kilomita kama 120. Pumzi haingoji gari.

Dawa ya kumrudisha ipo: naloksoni. Tangu 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka iwafikie hata watu wa kawaida wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa. Marekani iliruhusu ya kupuliza puani iuzwe bila karatasi ya daktari mwaka 2023. Wewe huna hiyo kabatini, kwa hivyo kinga yako ni yale maswali.

Lakini kuuliza si kunyima. Maumivu ya mathe ni ya kweli. Akifukuzwa kemisti, atanunua tembe kwa mtu asiyeuliza chochote. Basi jibu ukweli. Na mfamasia akikataa kukuuzia, nawe muulize: sasa nimpeleke wapi?