Acheni Kutuambia "Instoli Tena"

Wasee, kuna sentensi moja nataka tuizike leo. Tukodishe mathree, tubebe maua, twende nayo hadi Lang'ata tuifukie na mchanga mwingi. Sentensi yenyewe ni fupi: "Futa, instoli tena."

Nimeisikia kwa cyber. Nimeisikia kwa magrupu ya WhatsApp. Nimeisikia kutoka kwa wakubwa wetu waliopata kazi za maana na sasa wanashuka stage na laptopu ya kampuni mgongoni. Unauliza swali moja tu: plagini yangu imekataa kuingia, nifanye nini? Jibu linakuja kwa sekunde tatu, na hakuna mtu ameuliza imekataa ikisema nini. Futa, instoli tena. Ukirudi kusema imekataa tena, unaambiwa labda hii kazi si yako.

Hiyo sentensi imekula bando za watu. Mbaya zaidi, imefukuza watu kwa hii kazi kabla hawajaandika hata mstari mmoja.

Kwa wale bado hawajaanza, VS Code ni programu ya kuandikia programu zingine. Plagini ni kipande unachoongeza ndani yake ili ielewe lugha unayotumia, Python kwa mfano, ikuonyeshe makosa na ikumalizie maneno. Unabofya mara moja, inajipakua, inakaa. Ikikubali. Siku haikubali, ndio mtu wa kwanza mtaani anakuambia ufute kila kitu.

Wacha niwape story ya nyumbani. Binamu yangu anaishi Dandora. Alimaliza Form Four akawa anangoja. Mathe yake, auntie yangu, anauza mboga. Zamu yake ya chama ilipofika, hakununua kochi. Alienda tao akamnunulia msichana wake laptopu ya ex-UK. Betri haishiki chaji, kwa hivyo mashine inaishi kwa ukuta; ukichomoa waya inazima. Lakini ni laptopu, na ni yake.

Msee wa ploti akampa VS Code kwa flash. Ikaingia poa. Akawasha hotspot ya simu, akabofya plagini ya Python, ikakataa. Akauliza kwa grupu. Futa, instoli tena. Akapakua VS Code mpya kwa simu, karibu MB 100, akaihamisha kwa kebo, akainstoli. Plagini ikakataa. Akaambiwa arudie. Akarudia. Mara ya tatu bando ikaisha na ujasiri ukaisha nayo. Aliponipigia hakuniuliza kitu kuhusu plagini. Aliniuliza kama laptopu inaweza kuuzwa ili pesa ya mathe irudi.

Hapo ndio nilikasirika. Huyo msichana hakushindwa na Python. Python hakuwahi kuiona. Alishindwa na ushauri.

Nilienda Jumamosi. Sikufanya uchawi wowote. Nilimwambia tufungue duka la plagini kwa brausa ya laptopu yenyewe, si kwa VS Code, tuone kama barabara iko wazi. Yeye mambo ya intaneti hufanya kwa simu, kwa hivyo hiyo brausa hakuwa ameigusa. Ikakataa pia, lakini yenyewe ikataja sababu: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na juu yake maneno ya kusema saa ya mashine iko nyuma. Tukaangalia kona ya chini kulia. Laptopu ilikuwa inaamini tuko Januari 2015.

Sababu ni kabetri kadogo ka duara, CR2032, kanakokaa ndani karibu na bodi. Kazi yake ni kukumbuka saa wakati mashine imezimwa. Kalikuwa kamekufa. Kila stima ikipotea Dandora, laptopu inarudi utotoni. Na seva yoyote salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ni kama umpe askari ID iliyotolewa mwaka jana, na kalenda yake inasema tuko 2015. Atakuambia hii ID haijazaliwa, na kwa kalenda yake hajakosea.

Tulirekebisha saa kwa mkono, plagini ikaingia. Wiki iliyofuata fundi akabadilisha betri. Sasa niambieni, hata angefuta na kuinstoli mara hamsini, hiyo saa ingesonga?

Najua kuna mtu tayari anasema: lakini mimi kuinstoli tena kulinisaidia. Sawa, sikatai. Stima ikipotea katikati ya kupakua, unaweza kubaki na faili nusu, na hapo kurudia kuna maana. Lakini hata hapo unafuta kile kipande kilichoharibika, hung'oi programu nzima. Na kuna jambo wale wa "futa" hawakuambii, pengine kwa sababu hawajui: kwa Windows, ukiondoa VS Code kwa njia ya kawaida, folda ya plagini zako inabaki kwa folda yako ya mtumiaji, ile inaitwa .vscode, na settings zako zinabaki pia. Kwa hivyo kama ugonjwa uko hapo, umebomoa nyumba ukaacha kunguni, halafu umejenga ingine juu yao.

Nendeni Kariobangi Light Industries muangalie fundi akifanya kazi. Gari imekataa kuwaka. Fundi hang'oi injini. Anauliza, ilianza lini? Ilikuwa inalia aje? Anawasha anasikiza. Anaangalia betri, anatoa plagi anaiangalia rangi. Huyo fundi pengine hajawahi kukaa kwa darasa la kompyuta, lakini anawashinda wengi wetu kwa kitu kimoja: anaacha mashine imwambie inaumwa wapi kabla ya kushika spana. Yeye akiwa na plagi anasoma. Sisi tukiwa na plagini tunabomoa.

Na kompyuta inaongea kuliko gari. Ile herufi E unayoona mwanzo wa yale maneno ya ajabu ni ya kosa, na kinachofuata ni sababu iliyofupishwa. ENOTFOUND: nimetafuta jina la seva sijalipata, angalia kama uko kwa mtandao kweli. ETIMEDOUT: nimengoja mpaka nimechoka, laini ni mbovu ama kuna ukuta katikati, kama kule chuoni ama kwa cyber. ENOSPC: diski imejaa, toa zile muvi. EACCES: sina ruhusa ya kuandika hapa. Hizo nne ukizishika umepita wengi wanaokupa ushauri. Ukiona dirisha dogo limesema tu imeshindikana, fungua sehemu inayoitwa Output, maelezo marefu mara nyingi yako huko.

Kuna ile nyingine inasema plagini haiendani na toleo lako. Hii inapiga sana watu wa mashine za zamani. Kila plagini ya VS Code ina faili inaitwa package.json, na ndani yake mstari unaotaja toleo la chini kabisa inalokubali. Toleo la mwisho la VS Code kwa Windows 7 lilikuwa 1.70, la 2022. Kwa Windows za biti 32 lilikuwa 1.83, la 2023. Kama mashine yako iko hapo, plagini ya mwezi huu inaweza kukukataa, na haijali umeinstoli mara ngapi. Dawa ni kubofya ile gia ya plagini uchague toleo lake la zamani. Hiyo ni dakika moja. Kufuta na kupakua upya ni jioni nzima na bando ya wiki.

Na wakati mwingine kosa haliko hata kwa nyumba yako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa konokono kutoka Nairobi hadi Dar. Siku kama hiyo kosa liko chini ya bahari, na wewe uko Umoja unafuta programu isiyo na hatia.

Sasa nakuja kwenu, nyinyi mnaosema mahitaji ya hii kazi ni "laptopu na intaneti tu". Hiyo "tu" ni ya nani? VS Code ni ya bure, ndio, tangu Microsoft waitoe 2015. Lakini bure ni tamu kwa mtu ambaye wi-fi yake hailali. Kwa anayenunua MB kwa mkopo wa simu, kila "instoli tena" ina bei. Mikutano ya madevelopa ninayoalikwa mimi iko Westlands na Kilimani. Kutoka Kayole hiyo ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, ufike huko uambiwe upakue kitu kwanza.

Vifaa hivi vilitengenezwa na watu wanaodhani stima iko na mtandao uko. Nairobi tunajua hilo zamani. Timu ya BRCK hapa hapa ilijitosa 2013 kutengeneza ruta yenye betri ndani, kwa sababu ruta za kawaida zilikuwa zinakufa stima ikienda. Wao hawakumwambia mtu wa Eastlands kwamba hana akili. Walisoma tatizo lilivyo, wakalijibu. Hiyo ndio heshima tunaomba, hata kama ni ya meseji moja.

Na sisi wa mtaa pia tusikae tukilia. Plagini ya VS Code ni faili moja tu yenye mwisho wa .vsix. Mtu mmoja mwenye wi-fi anaipakua mara moja, anaiweka kwa flash, na ploti nzima inaiweka bila bando: unaingia sehemu ya plagini, unabofya nukta tatu, unachagua "Install from VSIX". Android Studio pia inakubali plagini kutoka kwa diski. Open VSX, duka linalosimamiwa na Eclipse Foundation, lina kitufe cha kupakua kabisa. Angalia tu vitu viwili. Faili iwe ya aina ya mashine yako, kwa sababu zingine hutengenezwa kivyake kwa Windows ama Linux. Na uitoe dukani, si kwa chaneli ya mtu usiyemjua, kwa sababu plagini ikishaingia inafanya kazi na ruhusa zako, inaweza kusoma faili zako kama wewe. Flash ya mtaa ni nzuri. Flash ya mtaa yenye uchafu ni balaa.

Fikirieni kila court Buruburu ama Donholm kuwe na flash moja ya hivyo: VS Code, plagini tano za kuanzia, na karatasi moja ya yale makosa manne. Haihitaji mfadhili wala T-shati. Inahitaji mmoja wetu aache kujifanya mungu wa kompyuta na akubali kushare.

Mwaka 2022 KICD waliidhinisha silabasi ya kufundisha watoto kuandika programu, na mimi nilifurahi. Lakini kujua loop bila kujua kusoma kosa ni kujua kuendesha gari bila kujua taa nyekundu ya dashbodi inamaanisha nini. Kitu cha kwanza mtoto wa Dandora atakutana nacho hakitakuwa loop. Kitakuwa dirisha dogo linalosema imeshindikana. Hapo ndio anaamua kama hii kazi ni yake ama ni ya watu wengine.

Binamu yangu hakuuza laptopu. Kitu cha kwanza alichoandika ni programu ya kuweka madeni ya wateja wa mathe yake, nani amechukua sukuma ya ngapi na atalipa lini. Ina makosa kibao. Ananipigia karibu kila jioni, na siku hizi hasemi "imekataa". Anasema, "Ngoja nikusomee imeandika nini." Nusu ya siku hizo, akifika katikati ya kusoma, ananyamaza, anacheka, anakata simu. Ameshaona.

Kwa hivyo wakubwa, siku nyingine mtu akikuja kwako na plagini iliyokataa, na huna muda, na una haraka zako, usimwambie afute. Mwambie neno moja tu: nisomee.