Simbakubwa Hakuwa Simba, na Alikuwa Droo ya Nairobi

Wasee, nimechoka na zile posti za "simba mkubwa kuliko wote aliishi Kenya." Laiki kibao, picha ya AI, halafu uongo. Simbakubwa kutokaafrika hakuwa simba. Hata paka hakuwa. Alikuwa wa kundi la hienodonti, wala nyama waliotoweka wote bila kuacha hata kitukuu. Aliishi huku kwetu miaka kama milioni 22 iliyopita, kabla simba hajakanyaga Afrika. Simba ana jozi moja ya meno ya kukatia nyama kila upande wa mdomo. Huyu alikuwa na tatu. Uzito? Hesabu moja inasema kilo 280, nyingine 1,500, maana kilichopatikana ni taya, meno na mifupa michache. Mtu akikutajia 1,500 peke yake, jua anatafuta watazamaji.

(Na hilo jina! Mwalimu wa Kiswahili angelizungushia wino mwekundu. Ni simba mkubwa, jamani. Ngeli ya A-WA.)

Lakini kinachoniuma zaidi ni droo. Mifupa ilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1980. Ikaletwa makavazi ya Nairobi, ikawekwa, ikakaa. Mmarekani, Matthew Borths, akaja kwa utafiti wake, akafungua droo, akakutana na meno ya ajabu. Yeye na Nancy Stevens wakamtangaza 2019. Karibu miaka 40!

Simlaumu Borths hata kidogo, yeye alifungua. Na tusidanganyane ati Wakenya hatuwezi kazi hii. Kamoya Kimeu ndiye aliyegundua mifupa ya yule Kijana wa Turkana mwaka wa 1984, na hakuanza na digrii yoyote. Kuchimba tunajua. Ila tunapiga makofi siku kitu kinatoka ardhini, halafu nani analipwa kukaa na vile vilivyokwisha kutoka?

Najua mtasema hospitali hazina dawa, nani ana pesa ya taya la zamani. Sawa. Lakini taya limeshachimbwa, limeshasafirishwa, linalala chini ya paa letu. Gharama kubwa ilishalipwa. Kilichobaki ni kijana aliyesomea zuolojia, ambaye saa hii anauza simu mtaani, apewe kiti, taa na mshahara, aanze kufungua droo moja baada ya nyingine.