Kikokotoo Kisichofundishika ni Picha ya Vitufe Tu

Leo nagombana na programu ndogo isiyokosekana kwenye kompyuta, na ambayo hakuna anayeilalamikia: kikokotoo.

Ingia duka lolote Luthuli Avenue. Juu ya meza kuna kompyuta, na kando yake kikokotoo cha mkononi ambacho namba zake zimeanza kufutika. Hesabu ikija, mkono unakwenda kwa hicho kidogo. Mashine inayofanya mamilioni ya hesabu kwa sekunde imekaa tu inaonyesha tarehe! Wajuaji watakwambia mwenye duka haelewi kompyuta. Si kweli. Programu aliyopewa ni mchoro wa kidude alicho nacho tayari. Ahamie nini?

Hesabu zetu za kila siku zina kanuni zake, na hapo ndipo watu wanapoumia. Bidhaa inauzwa shilingi 1,160, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani. Bei bila kodi ni ngapi? Wengi hutoa asilimia 16 ya 1,160, wanapata 974.40. Jibu ni 1,000, kwa sababu unagawanya kwa 1.16. Shilingi 25.60 zimepotea kwa kipande kimoja. Uza vipande mia, ni 2,560.

Au nenda Dagoretti ukaulize ploti. Utaonyeshwa futi 50 kwa 100 na kuambiwa ni sehemu ya nane ya ekari. Ekari ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo sehemu ya nane ni 5,445. Ulichoonyeshwa ni 5,000. Futi 445 ziko wapi, jamani?

Kikokotoo cha maana ungekifundisha mambo haya mara moja tu. Na vipo! SpeedCrunch ni programu huria, ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haina haja ya vitufe. Unaandika hesabu kama unavyoandika ujumbe. Unaandika:

vat = 0.16
bilavat(x) = x / (1 + vat)
ekari(a; b) = a * b / 43560

Basi. Kesho ukiandika bilavat(1160) unapata 1000. Ukiandika ekari(50; 100) unapata 0.1147 na ushee, wakati sehemu ya nane kamili ni 0.125. Majina ni yako, kwa Kiswahili chako. Qalculate! nayo inakuruhusu kuunda hata vipimo vyako mwenyewe, gorogoro ikiwemo.

Najua mtakachosema. "Excel ipo." Ipo, na ni nzuri kwa daftari la mwezi, lakini mteja amesimama mbele yako anataka bei sasa hivi. "Kuna tovuti za kupiga hesabu ya mshahara." Zipo pia, na unazipa mshahara wako bila kujua nani anausoma, wala kama kanuni zao ni za mwaka huu. VAT ilishuka hadi asilimia 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. NHIF ikaondoka, na Oktoba 2024 ikaja SHIF ya asilimia 2.75. Kanuni ikiwa yako, unabadilisha namba moja na kuendelea na kazi. Ikiwa ya mwingine, unangoja, na huenda hata hujui kwamba unangoja.

"Je, mtu akiandika kanuni mbaya?" Atakosea, ndiyo. Lakini kosa lililoandikwa linaonekana na linasahihishwa. Jaribu kanuni yako kwa hesabu unayojua jibu lake kabla ya kuiamini. Kosa la kidole kwenye kidude cha mkononi halibaki popote.

Sasa niwageukie wenzangu waandishi wa programu, kuanzia Westlands hadi Ngong Road. Microsoft ilifungua msimbo wa kikokotoo cha Windows mwaka 2019, kwa leseni inayoruhusu yeyote kuuchukua na kuubadilisha. Programu huria nyingine zilikuwepo zamani. Tunashindana kutengeneza programu za kukopesha watu pesa, lakini kikokotoo cha Kiswahili chenye VAT, makato ya mshahara na vipimo vya soko la Kawangware, kanuni zake zikiwa wazi ili mwenye duka azibadilishe mwenyewe, hatuoni kama ni kazi ya maana. Mtu anayekopa angefaidika kwanza na hesabu sahihi ya riba.