Shokishoki linaweza kuota Kasongo, lakini sokoni litafikaje?

Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, zinazungumza Kiswahili kilicholetwa na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19. Njia hiyohiyo ilileta pia matunda. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dhanis lililouteka mji wa Kasongo Aprili 1893, alieleza kwamba alikuta bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe. Shokishoki halimo katika orodha yake.

Shokishoki ni lile tunda jekundu lenye manyoya (laini, hayachomi) linalouzwa sana Unguja. Nje linajulikana zaidi kwa jina la Kimalei, rambutan. Ganda hupasuliwa kwa ukucha, na ndani mna nyama nyeupe yenye maji matamu, iliyoshikana na kokwa.

Kwa nini mwembe ulifika na mshokishoki ukabaki pwani? Huenda jibu liko njiani. Mwembe ulisogea kituo kwa kituo, ukapandwa Tabora na Ujiji kabla ya kuvuka Tanganyika. Mshokishoki hauvumilii kiangazi kirefu kama cha Tabora, na mbegu yake ikikauka hufa baada ya siku chache. Haukuwa na mahali pa kupumzika.

Maniema yenyewe si adui wa mti huo. Mshokishoki hutaka joto, mvua nyingi na nchi isiyo ya milima, na kiangazi kifupi huusaidia kutoa maua. Kasongo ina joto mwaka mzima, na kiangazi chake cha katikati ya mwaka ni cha miezi michache tu. Tatizo la kwanza ni miche. Anayepanda kokwa husubiri miaka mitano au sita, kisha anaweza kugundua kuwa mti wake ni dume, hauzai. Miche iliyobebeshwa kutoka kwenye mti unaojulikana huondoa kamari hiyo na huzaa mapema zaidi.

Tatizo la pili ndilo zito. Shokishoki haliivi baada ya kuchumwa, kwa hiyo haliwezi kuchumwa bichi likaivia safarini kama ndizi. Likikaa kwenye joto, siku ya tatu manyoya yamekuwa meusi na mnunuzi anageuza uso. Kwenye baridi linaweza kudumu kama wiki mbili, lakini umeme wa uhakika wa kuendesha chumba cha baridi haupo.

Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 200 za udongo. Mvua ikinyesha, lori linaweza kulala matopeni siku kadhaa. Kabambare hali ni ngumu zaidi: makundi yenye silaha, yakiwemo Mai-Mai Malaika upande wa Salamabila, yamewakimbiza watu mashambani mara nyingi, na mwenye mzigo hulipa kwenye vizuizi. Bukavu, soko kubwa la mashariki, iliangukia mikononi mwa M23 Februari 2025.

Ndiyo maana wakulima wa huku hung'ang'ania mpunga, karanga na mafuta ya mawese. Bidhaa hizo huweza kungoja lori. Embe haliwezi, na msimu wake ukifika mengi huozea chini ya miti. Mradi wowote utakaowagawia wakulima miche ya tunda lililo dhaifu kuliko embe, bila kugusa barabara, utaongeza tu kinachooza.

Mti mmoja au miwili uani ni habari nyingine. Mji wa Kasongo una soko lake, shule zake na hospitali yake, na tunda linalochumwa alfajiri kwenye kijiji cha jirani linaweza kuwa mezani mchana kwa baiskeli. Mkulima wa Salamabila hana nafasi hiyo. Kwake, shokishoki kwa sasa ni la watoto wa nyumbani.